Maji hayakuja haraka hivyo

KUTOKA MFEREJINI
Na Aikande Mlay

Saa nane usiku, mwezi wa Oktoba. Bibi mmoja amekaa kwenye tuta la jaruba lake hapa Chekereni, tochi mapajani, kanga ya pili ameitanda kichwani. Anasubiri zamu yake ya maji. Kamera yangu imesimama kwenye miguu yake mitatu, hatua kama kumi kutoka alipo. Kwa dakika kumi na moja hakuna kinachotokea. Mbwa anabweka mbali. Bibi anawasha tochi, anamulika mfereji, anazima. Kisha unasikia kabla hujaona: majani makavu yanakwaruzana, povu la rangi ya udongo linatangulia limebeba makapi ya mpunga na chupa ya plastiki, ndipo maji yanafuata. Bibi anainuka bila kusema neno, anashika jembe, anafungua mlango wa jaruba.

Hiyo ni klipu moja. Zote pamoja ni saa 340, nilizozipiga kwa miaka sita, na ninazihariri peke yangu ziwe filamu ya dakika tisini juu ya maji ya skimu ya Lower Moshi.

Wanaoniona shambani na kamera hunipongeza. Wanaonikuta chumbani, mwezi wa nane sasa, mbele ya kompyuta na feni ya mezani, huniuliza, "Bado tu?" Wanaouliza ni watu wanaonipenda, ndiyo maana swali lao nimelifikiria sana. Ndani yake mna imani kwamba filamu huisha siku kamera inaporudi mkobani. Filamu ya makala, ile ambayo hakuna aliyeiandika kabla haijatokea, siku hiyo ndiyo inaanza. Na hapo ndipo sisi tunapomwacha mtengenezaji peke yake.

Piga hesabu nami. Saa 340, ukitazama saa sita kila siku bila kuruka hata dakika, ni siku 57. Bado hujakata kitu, umetazama tu. Tena kutazama bila kuandika ni kazi bure, kwa hiyo kuna daftari, na sasa niko la nne. Kila klipu ina mstari wake: tarehe, mfereji upi, nani yupo, amesema nini, jua liko upande gani. Mwanzoni niliandika "nzuri" au "mbaya" pembeni. Baada ya miezi minne nikirudi kwenye mstari ulioandikwa "nzuri" sikujua uzuri wenyewe ulikuwa nini, na mara nyingi ile "mbaya" ndiyo niliyoihitaji. Siku hizi naandika kinachotokea tu: anachota maji kwa sufuria anamwagia kitalu, wanabishana juu ya zamu, mmoja anacheka, pawatila imekwama, vibarua wanne wanaisukuma. Nakala moja ya diski iko kwangu, nyingine kwa dada yangu mjini Moshi, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo mara moja tu, miaka sita inaweza kwenda.

Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa skimu ni nini, lakini wa mbali nimpe machache. Lower Moshi ilijengwa kwa msaada wa Japani, ikakamilika mwaka 1987. Maji yake yanatoka mto Rau na chemchemi za Njoro, na eneo la mpunga lilipangwa kuwa hekta 1,100 hivi. Mpunga ukastawi. Wakulima wa juu ya mabanio walipoona jirani zao wa chini wanavuna vizuri, nao wakafungua majaruba yao, na nani angewalaumu? Ila mto haukuongezeka. Ndiyo maana chini huku tunaishi kwa zamu, na ndiyo maana bibi yule alikuwa macho saa nane usiku. Wazee wa mlimani waliijua habari hii karne nyingi kabla ya saruji: mfongo, mfereji wao wa asili, ulikuwa na siku zake, na aliyekwepa kazi ya kuuzibua alikosa maji.

Kila nikikaa mezani nafikiria mgao. Kwa kila dakika moja itakayoingia katika filamu yangu, dakika 226 zitabaki nje. Katika hizo 226 kuna watu walionipa chai, walioniruhusu kuwapiga picha wakilia, walioacha palizi zao wakanionyesha ufa kwenye mfereji. Siwezi kuwapa wote zamu. Lakini nisipowatazama wote mpaka mwisho, nitakuwa nimefungulia maji wale waliopiga kelele tu.

Mkato wa kwanza ulipokuwa tayari, niliupeleka kwa bibi. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, wajukuu wamejaa sebuleni. Ile klipu yake ya dakika kumi na moja nilikuwa nimeikata ikawa sekunde arobaini: bibi amekaa, tochi inawaka, maji hayo. Niliona imekaa vizuri, inakwenda. Ilipokwisha bibi akanyamaza kidogo, kisha akaniambia:

"Mwanangu, mbona maji yangu yamekuja haraka hivyo? Siku ile hayakuja haraka hivyo."

"Bibi, mtazamaji atachoka."

"Na mimi je, sikuchoka?"

Nilirudi nyumbani nikakaa na maneno hayo wiki nzima. Filamu yangu yote ni juu ya kusubiri, nami kusubiri ndiko nilikokutoa. Nilijiuliza ilikuwaje nisilione jambo lililo wazi namna ile. Jibu nililolipata ni hili: klipu ile nilikuwa nimeitazama mara thelathini. Mtu anayejua kwamba maji yatafika hawezi tena kusubiri kama asiyejua. Mkono wangu ulikuwa unakimbilia maji kwa sababu mimi nilishayaona. Anayehariri peke yake hufika mahali anaijua filamu mno, haoni tena kilichomo. Siku hizi bibi anasubiri dakika nne katika mkato wangu, na nilipomwonyesha mara ya pili, mjukuu wake wa miaka saba alianza kuuliza kwa wasiwasi, "Yanakuja? Yanakuja?"

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosifia upweke wa mhariri kana kwamba ni ushujaa. Tazama Softie, filamu ya Sam Soko wa Nairobi. Soko alimfuata mwanaharakati Boniface Mwangi na familia yake kwa miaka, mpaka kwenye kampeni ya ubunge wa Starehe ya mwaka 2017. Filamu ilipofika kwenye tamasha la Sundance mwaka 2020, majaji waliipa tuzo maalumu kwa ajili ya uhariri wake, na majina ya wahariri yalikuwa matatu: Mila Aung-Thwin, Ryan Mullins na Soko mwenyewe. Mtu aliyeishi na picha zile aliketi na watu wawili wanaoweza kumwambia maji hayakuja haraka hivyo.

Au chukua Shoah ya Claude Lanzmann, iliyotoka mwaka 1985, filamu ya saa tisa na nusu juu ya mauaji ya Wayahudi. Ilitokana na picha mbichi za saa 350 hivi. Namba hiyo inakaribia yangu, labda ndiyo sababu haitoki kichwani. Aliyekaa mezani ni mwanamke anayeitwa Ziva Postec, kwa zaidi ya miaka mitano. Lanzmann anajulikana duniani kote. Postec anajulikana na watu wa kazi hii, na hata kwetu ni baadhi tu. Miaka mitano ya kusikiliza mambo mazito kiasi kile, sentensi kwa sentensi. Kila nikikaribia kukata tamaa namkumbuka yeye kabla ya mwongozaji yeyote.

Hapa karibu kuna Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo, Kitui. Alipewa kamera na Julia Dahr wa Norway, akapiga mwenyewe familia yake, shamba lake, ukame, na dhoruba iliyoibomoa nyumba yake. Thank You for the Rain ilitoka mwaka 2017 na jina lake limo kama mwongozaji mwenza. Naipenda filamu ile kwa sababu mkulima ndiye aliyeshika kamera. Lakini imenifanya nitake zaidi. Kamera inakusanya tu. Anayeamua kipi kibaki ndiye anayesema. Natamani siku moja mkulima wa Chekereni akae mezani pia, mkono wake ukiwa kwenye kipanya, akibishana nami juu ya sekunde.

Maana zamu mezani ni mamlaka. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek alitoa filamu ya Serengeti Haitakufa. Mwanawe Michael, aliyekuwa akirusha ile ndege yao ya milia ya pundamilia, alikufa kwa ajali mwezi Januari mwaka huohuo, kazi haijaisha. Baba akaimaliza, ikapata Oscar. Nikiitazama namwona mzazi akipanga picha ambazo mtoto wake aliruka angani kuzitafuta, na moyo unaniuma. Lakini mwaka huohuo Wamaasai wa Serengeti walikuwa wakihamishiwa Ngorongoro, na filamu ile iliyoipa dunia picha ya nchi yetu ilikuwa ya wanyama. Watu hawakupewa zamu, na kwa miaka mingi baadaye dunia iliendelea kuitazama Serengeti kama mahali pasipowahi kuwa na mtu.

Sasa nije kwenye fedha, kwa sababu ndiko ninakotaka safu hii ifike. Bajeti nyingi za filamu za makala nilizoziona hapa nchini zina mistari mirefu ya gari, mafuta, posho, kamera ya kukodi, ndege isiyo na rubani. Mwisho kabisa, mstari mmoja: uhariri. Mfadhili mmoja aliniuliza kwa nini naomba fedha ya miezi kumi ya kukaa kitini. Hakuuliza kwa ubaya. Aliona picha zimeshapigwa, akadhani kilichobaki ni kuunganisha. Matokeo yake nayajua kwa majina ya marafiki: vijana waliopiga miaka mitatu, minne, wakaishiwa, wakarudi kwenye harusi na matangazo, na diski zao zimelala kabatini. Filamu hizo hazikufa kwa kukosa kipaji. Zilikosa unga wa miezi minane na mtu wa pili wa kutazama.

Nauomba Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, na Bodi ya Filamu ikae nao, watenge fungu la mezani peke yake. Mtu aje na picha alizokwisha kupiga na daftari lake, aonyeshe amezitazama zote, alipwe miezi ya kuhariri. Ndani ya fungu hilo kuwe na malipo ya mhariri wa pili kwa wiki chache, na nauli ya kurudisha mkato kwa watu waliomo kabla haujafungwa. Nairobi, Docubox aliyoianzisha Judy Kibinge imeonyesha kwamba filamu za makala za Afrika Mashariki zinaweza kuwa na mfuko wake wenyewe. Hatuhitaji kuanza kwa mabilioni. Filamu tano kwa mwaka zilizokamilishwa vizuri zingenitosha kwa kuanzia.

Tena picha mbichi zipate mahali pa kulala. Shirika letu la filamu, TFC, liliundwa mwaka 1968, na miaka ya 70 likatoa Fimbo ya Mnyonge, filamu ya vijiji vya ujamaa. Kijana wa leo ataiona wapi? Na yale yaliyokatwa, sura za wanakijiji ambao hawakuingia, yako wapi? Mwaka 1996 jumba la makumbusho ya mauaji ya Wayahudi kule Washington lilinunua picha ambazo Lanzmann hakuzitumia, saa zaidi ya 200. Kwa watafiti wa leo ni hazina. Kwetu, kilichokatwa ni cha kufuta ili diski ipate nafasi.

Mimi sifuti, na sababu ilikuja kugonga mlango mwezi uliopita. Walikuja wakulima watano wa mfereji wa chini, jioni, wamevaa mashati safi kama watu wanaokwenda kikaoni. Kulikuwa na ubishi juu ya mahali maji yalipokuwa yakifika zamani, kabla mfereji haujajaa mchanga. Mzee mmoja alikumbuka kwamba miaka ile nilisimamisha kamera palepale kwenye daraja dogo. Je, ninayo?

Nilifungua daftari la kwanza, nikatafuta kwa kidole. Ilikuwepo, imeandikwa "mbaya". Dakika arobaini na saba za mfereji mmoja, hakuna mtu anayepita isipokuwa mtoto na mbuzi wawili. Nilimpa kila mmoja kiti, wa mwisho akakaa kitandani, nikabonyeza. Maji yalikuwa yakipita chini ya daraja, yakifika usawa wa jiwe jeupe, yakienda. Dakika ya ishirini nikauliza kama nisogeze mbele kidogo.

"Iache," alisema mzee, bila kugeuka.

Tuliitazama mpaka mwisho, kisha wakaomba irudiwe.