Kushuka Ndio Ngoma
Kila mwaka, kabla ya kutangazwa njia ya mbio za baiskeli za Tour de France, wapenzi huzozana: je, safari hii watapanda Tourmalet, mlima wa mita 2,115, au Ventoux? Mimi huuliza jingine: wakishapanda, watashukia wapi?

Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mwaka 2016, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliwachomoka wenziwe kwenye mteremko wa Peyresourde, akashinda siku ile na hatimaye mbio zote. Lakini mwaka 1995, Fabio Casartelli wa Italia alianguka mteremkoni Portet d'Aspet, akafariki.

Mwisho ukiwekwa bondeni, ushujaa na mauti huteremka pamoja. Lau ningeulizwa, ningesema: wamalizie kileleni.