Fimbo ya Jioni Haimfunzi Mbwa

Nyumba nyingi hapa Bujumbura, tangu Kinindo mpaka Ngagara, hufuga mbwa wa kulinda usiku. Huletwa angali mtoto wa miezi miwili au mitatu, naye hupendwa na kila mtu. Kisha huja mashtaka. Baba yuko kazini, watoto shuleni, mama sokoni. Jioni wakirudi wakuta kandambili imetafunwa, mguu wa kiti umeguguniwa, na daftari la mtoto limekuwa vipande. Hapo fimbo hutolewa. Fimbo isipofaa, hufuata mnyororo mfupi mchana kutwa. Na mwisho mbwa hutupwa mbali. Mimi nasema kwamba hukumu hiyo si ya haki, wala haina faida.

Tutazame sababu. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto. Yapata mwezi wa nne huanza kung'oka, na kufikia mwezi wa saba hivi huwa ameota meno 42 ya utu uzima. Ufizi humuuma, naye hutafuta kitu cha kutafuna. Tena mbwa ni mnyama wa kukaa na wenzake. Akiachwa peke yake mchana kutwa bila kazi, huchoshwa na upweke, na wengine hushikwa na hofu: hulia, hukwaruza mlango, hutafuna kizingiti. Huo si ukaidi.

Wako watakaonijibu: "Lakini ajua kosa lake! Tazama anavyoinamisha kichwa na kufyata mkia." Neno hilo limekwisha pimwa. Mwaka 2009 Bibi Alexandra Horowitz, mtaalamu wa Marekani, alitoa habari za jaribio lake juu ya mbwa 14. Wenye mbwa waliwakataza chakula, wakatoka. Waliporudi, wengine waliambiwa kwamba mbwa amekula, kumbe hakula. Ikaonekana kwamba mbwa huonyesha uso wa hatia akikaripiwa, awe amekula au hakula. Basi uso ule si kukiri kosa, ni kumwogopa bwana wake. Mwanafunzi akichapwa jioni kwa jambo la asubuhi, wala asiambiwe ni jambo gani, atajifunza nini ila woga?

Basi yafaa tufanye hivi. Viatu na madaftari viwekwe juu, asipofika. Apewe kitu chake mwenyewe cha kutafuna: mfupa mkubwa mbichi kutoka kwa wauza nyama wa Ruvumera. Usipikwe, maana mfupa uliopikwa huvunjika vipande vikali vya kumdhuru tumboni. Asipewe kiatu kikuukuu, kwani hajui kupambanua kikuukuu na kipya. Akikutwa palepale akitafuna kisichofaa, akatazwe kwa sauti, apewe mfupa wake, kisha asifiwe. Atembezwe alfajiri kabla ya watu kuondoka, kwa kuwa mbwa aliyechoka hulala. Na azoezwe upweke kidogo kidogo: leo dakika 5, kesho 10, halafu nusu saa.

Najua mtu ataniuliza: "Watu hawana viatu, nawe wahangaikia mbwa?" Namjibu kwamba ndiyo sababu ya kusema. Ambaye jozi moja ya viatu ni mali kwake ndiye apaswaye kuiokoa kwanza, na mfupa ni rahisi kuliko kiatu. Tena mbwa aliyetupwa haishii hapo. Huzurura majalalani bila chanjo. Akipatwa na kichaa cha mbwa huuma watoto wa watu, na ugonjwa huo, dalili zake zikisha kuonekana, ni nadra mtu kupona.

Wanafunzi wenzangu, likizo ikifika sisi ndio tunaokaa nyumbani wakati wakubwa wako kazini. Kazi hii ni yetu. Haihitaji fedha nyingi, yahitaji majuma machache ya subira. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini kumkunja si kumvunja.