Mokambo: butiki zinauza kaye nyeupe, vitabu vya Katanga viko wapi?

Katika butiki ndogo za Mokambo, asubuhi inaanza na hesabu ya pesa za aina tatu. Mteja wa kwanza anatoa kwacha, wa pili anatoa franka za Kongo, wa tatu ana dola ambayo muuzaji anaigeuza mara mbili akitafuta kama haina mpasuko. Kisha biashara inaendelea. Mafuta ya kupika yanapimwa kwa kikombe, sukari inafungwa katika kifuko, sabuni inakatwa vipande, bunga inauzwa kwa kipimo cha bukari ya siku moja. Wakaaji wanaita mtindo huu kadogo: kila kitu kinagawanywa hadi kifikie mfuko wa mtu mwenye pesa kidogo.

Mbele ya mlango kuna bafle inayolia tangu mapema. Wimbo wa Fally Ipupa unamalizika, unakuja wa Diamond Platnumz, kisha wa Kibemba kutoka Zambia. Hakuna anayeuliza wimbo umetoka nchi gani. Na kwenye rafu, kati ya ndagala kavu na mishumaa, kuna bidhaa moja tu ya karatasi: kaye za wanafunzi, pamoja na bic za kuandikia. Butiki inauza kurasa nyeupe. Ni vigumu kukuta ndani yake ukurasa mmoja ulioandikwa.

Jambo hilo linaonekana dogo, lakini ndilo linalostahili kujadiliwa. Mokambo inapokea chakula, nguo na nyimbo kutoka pande zote. Maneno yaliyoandikwa na watu wa Katanga wenyewe, kwa Kiswahili chao, hayafiki. Sababu si kwamba hayapo. Yapo, tena mengine yanasomwa Ulaya na Amerika kuliko Katanga. Kinachokosekana ni mtu wa kuyaleta hadi mlangoni mwa butiki, kama vile mafuta na bunga vinavyoletwa.

Mji huu unajua vizuri maana ya kuletewa vitu. Mokambo iko katika eneo la Sakania, jimbo la Haut-Katanga, na ngambo ya pili ni Zambia, upande wa Mufulira. Msingi wa mpaka huo ulitiwa sahihi mwaka wa 1894, katika mapatano kati ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Pili. Waliochora ramani hawakuuliza Walamba, Walala wala Wabemba kama mashamba na ndugu zao watabaki upande mmoja. Hadi leo wamama wanavuka na mizigo, watoto wana babu upande huu na shangazi upande mwingine, na magari ya Zambia yanapita katika ardhi ya Kongo, kwenye barabara inayotoka Mokambo kuelekea Chembe na mto Luapula, ili kufupisha safari ndani ya nchi yao wenyewe.

Siku mpaka unapofungwa, butiki ndiyo ya kwanza kujua. Mwezi wa nane 2024, baada ya Kinshasa kukataza bia na vinywaji baridi vya kutoka nje kwa miezi 12, na madereva wa malori kulalamika upande wa Kongo, serkali ya Zambia ilifunga kwa siku chache vituo vya Kasumbalesa, Sakania na Mokambo. Mwaka huohuo Zambia ilikuwa katika ukame mkali, Rais Hakainde Hichilema akiwa ameutangaza msiba wa taifa tarehe 29 mwezi wa pili, na mahindi hayakuruhusiwa kutoka ovyo. Kila mama wa Haut-Katanga anajua matokeo ya mambo kama hayo: bunga inapanda bei, na kipimo cha kadogo kinapungua bila kubadilisha jina.

Wakati ule viongozi walisema sana kuhusu kulinda vitu vinavyotengenezwa ndani ya nchi. Walisema juu ya bia na maji matamu. Kuhusu vitabu na nyimbo, hakusikika neno. Lakini kama kuna kitu ambacho Katanga imetengeneza kwa wingi na kukipeleka mbali, ni nyimbo na habari.

Mfano wa kwanza ni Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke. Mwaka wa 1952, akiwa kijana wa Jadotville, ambayo leo ni Likasi, alipiga gitaa lake mbele ya mashine ya kurekodi ya Hugh Tracey, mtafiti aliyetoka Afrika ya Kusini. Wimbo wake « Masanga » ulitoka hapo na kuzunguka bara. Miaka michache baadaye Mwenda mwenyewe alikuwa Nairobi, anapiga muziki na kutangaza dawa za kichwa, na vijana wa Kenya walikuwa wanajifunza kupiga gitaa kwa vidole kama yeye. Kwa hiyo, zamani Kiswahili cha Katanga ndicho kilichokuwa kinasafiri kuelekea mashariki. Leo mkondo umegeuka. Fally Ipupa na Diamond walipotoa « Inama » mwaka wa 2019, na Koffi Olomide na Diamond walipotoa « Waah! » mwaka wa 2020, ilikuwa Kinshasa na Dar es Salaam zinashikana mikono. Katanga, iliyo katikati kwa lugha na kwa jiografia, ilibaki inacheza.

Kucheza si kosa. Kosa ni kijana wa Mokambo kujua majina ya watoto wa wasanii wa Dar es Salaam, bila kujua kwamba gitaa la jimbo lake liliwahi kuwafundisha watu wa Nairobi.

Mfano wa pili ni Mufwankolo na kundi lake la Lubumbashi. Kwa miaka mingi watu waliacha kazi ili wamsikilize radioni na kumtazama kwenye televisheni. Alichekesha kwa Kiswahili cha mtaani, kile cha mgodini na sokoni, na ndani ya kicheko alisema mambo ya ndoa, ya deni, ya wakubwa wenye tamaa. Mwaka wa 1986 kundi hilo lilitengeneza mchezo mzima juu ya utawala, kutoka katika methali isemayo kwamba utawala haugawanywi, unaliwa mzima. Anayetaka kusoma leo ginsi mchezo huo ulivyotungwa atakikuta katika kitabu cha Kiingereza cha Johannes Fabian kilichochapwa Marekani mwaka wa 1990. Wazee waliocheka wakati ule hawajakiona kitabu hicho.

Mfano wa tatu ndio mzito kuliko yote, na ni kitabu ambacho kila mkaaji wa Katanga anayejua kusoma angepaswa kukishika mkononi mara moja. Mwaka wa 1965, mtu anayeitwa André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Kwenye jalada lake kuna neno la Kifaransa « Vocabulaire », lakini ndani ni Kiswahili cha Katanga. Yav hakuwa profesa. Aliandika kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumba za wazungu, wale walioitwa « boyi » hata walipokuwa na mvi.

Watu hao waliona kila kitu. Walipika, walifua, walisimama nyuma ya kiti wakati bwana anakula na kusema maneno ambayo alidhani mtumishi hayaelewi. Ndani ya maandishi hayo kuna safari za kwanza za wazungu, kuna mishahara midogo, kuna mutumbula, yule mwindaji wa watu usiku ambaye jina lake lilitosha kumrudisha mtoto nyumbani kabla ya giza, na kuna njia yote hadi miaka ya uhuru. Ni historia iliyoandikwa kutoka jikoni, na jikoni husikika mengi.

Wataalamu walipokishika, walipata shida. Yav aliandika kama anavyosema, maneno mengine yameungana, mengine yamekatwa katikati. Fabian, pamoja na Kalundi Mango, aliona kwamba njia ya kukielewa ni kukisoma kwa sauti. Sikio la Mkatanga lilisikia mara moja kile ambacho jicho la msomi lilishindwa kuona. Fabian alikitoa mwaka wa 1990, kikiwa na tafsiri ya Kiingereza, katika nyumba ya vitabu ya Amsterdam. Maandishi ya Kiswahili yanapatikana pia kwenye intaneti.

Basi hali iko hivi. Kitabu kilichoandikwa na mtumishi wa Lubumbashi, kwa lugha ya sokoni, kwa ajili ya wenzake, kinakaa katika maktaba za vyuo vikuu vya ngambo ya bahari, wakati kwenye butiki ya Mokambo mtoto ananunua kaye nyeupe ili anakili somo la historia kutoka ubaoni.

Wako watakaosema kwamba waandishi wa Katanga wapo, na wanajulikana duniani. Ni kweli. Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka wa 1981, alitoa « Tram 83 » mwaka wa 2014, na riwaya hiyo ilipata zawadi ya Etisalat ya 2015. Inahusu mji wa migodi, baa, wachimbaji na treni, mambo ambayo kila mtu wa ukanda huu anayajua kwa pua na masikio. Lakini iliandikwa kwa Kifaransa na kuchapwa Paris. Ushindi wake ni wa kufurahiwa. Hautoshi kumfikia mama wa kadogo.

Wengine watasema jambo la pesa: mtu anayenunua mafuta kwa kikombe atanunuaje kitabu? Swali ni la haki, lakini historia ya Lubumbashi yenyewe inalijibu. Katika miaka ya 1970, wafanyakazi na walimu walikuwa wananunua picha za kuchorwa kwa mkono na kuzitundika ukutani: mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, au askari akipiga fimbo wakati wa ukoloni. Tshibumba Kanda-Matulu alizipita nyumba akiuza picha zake, na mwaka wa 1973 na 1974 alichora historia yote ya nchi katika picha zaidi ya 100. Wanunuzi hawakuwa matajiri. Walinunua kwa sababu picha ilifika mlangoni, bei ilijadiliwa, na jambo lililochorwa lilikuwa la kwao.

Hata leo, mtu huyohuyo anayesemwa hana pesa ananunua mega za simu kila siku, kidogokidogo. Anaweka nyimbo kwenye kadi ya simu kwa kijana mwenye kompyuta pembeni ya soko. Anafanya fotokopi ya karatasi za mtihani kwa ajili ya mtoto. Hiyo ndiyo kadogo ya habari, na tayari inafanya kazi.

Wa tatu watasema kwamba Kiswahili cha Katanga si kizuri, kwamba mtoto akisoma « bukari » badala ya ugali ataharibika. Maneno hayo yameumiza watu vya kutosha. Mtoto wa Mokambo anasema Kiswahili nyumbani, Kibemba na rafiki wa ngambo, Kifaransa masomoni, na anasikia Kiingereza cha Zambia kila siku. Kichwa chake hakijaharibika. Anayeweza kupita kati ya lugha nne anaweza kusoma lugha ya babu yake, na pia Kiswahili cha vitabu vya Tanzania. Moja haiui nyingine.

Kinachotakiwa si kikubwa. Nyumba za kuchapa za Lubumbashi zinaweza, kwa ruhusa ya wenye haki, kutoa maandishi ya Yav katika vijitabu vyembamba, sura moja kwa kijitabu, kwa bei ya kaye moja. Jimbo la Haut-Katanga, linalotoa hotuba nyingi juu ya bidhaa za ndani, linaweza kulipia chapa ya kwanza. Masomo na parokia zinaweza kuvipokea. Radio za jamii zinaweza kusoma ukurasa mmoja kila jioni, kwa sababu kitabu hiki kinaelewa sikio kuliko jicho. Na wenye butiki wanaweza kuviweka pale pale, kati ya ndagala na mishumaa, mahali ambapo macho ya mteja yanafika wakati anangoja chenji yake.

Mpaka unaweza kufungwa tena kesho, kwa ajili ya bia, mahindi au ugomvi wa wakubwa. Siku hiyo rafu zitaanza kuonekana mbao. Kijitabu cha habari za Katanga hakitahitaji lori wala karatasi ya forodha ili kibaki pale. Mteja atakayekosa bunga atakuwa walau na kitu cha kumsomea jirani yake kwenye benchi la butiki, kwa sauti, kama mwenye kukiandika alivyotaka kisikike.