Skrubu za milimita na alenki: mzigo mdogo unaowatia hasara wafanyabiashara wa mpakani

Na Mwandishi Wetu

Tangu Januari 2025, pikipiki mpya za kubeba abiria mjini Kigali hazisajiliwi tena kama zinatumia petroli. Zinazokubaliwa ni za umeme. Uamuzi huo wa serikali ya Rwanda umezungumzwa sana kwa upande wa betri na vituo vya kuchajia, lakini kwa mfanyabiashara anayechukua mzigo Kariakoo na kuupitisha Rusumo, au anayetoka Kirinyaga Road jijini Nairobi kwenda soko la Kisekka mjini Kampala, kuna bidhaa nyingine inayobadilisha sura kimya kimya. Ni skrubu ndogo, pamoja na alenki za kuzifungulia.

Fundi wa pikipiki ya petroli amezoea bolti za kichwa cha nje, na spana namba 8, 10, 12, 14 na 17 zinamtosha kwa kazi nyingi. Kwenye vyombo vya umeme, kuanzia pikipiki hadi skuta na magari madogo ya watoto ambayo wenyewe huyatengeneza nyumbani, mara nyingi utakuta skrubu zenye tundu la pembe sita kichwani, za M3 mpaka M8. Hapo spana haina kazi. Inatakiwa alenki, tena ya saizi yenyewe hasa.

Wengi huteleza hapa. Namba ya skrubu si namba ya alenki. M6 maana yake ni unene wa hesi, milimita 6, lakini skrubu hiyo ikiwa na kichwa cha duara kirefu hufunguliwa kwa alenki ya 5. Kwa aina hiyo ya kichwa, M3 hutumia 2.5, M4 hutumia 3, M5 hutumia 4, na M8 hutumia 6. Kichwa kikiwa cha mviringo kama kifungo, au kile bapa kinachozama ndani ya chuma, tundu huwa dogo zaidi: M3 hutumia 2, M4 hutumia 2.5, M5 hutumia 3, M6 hutumia 4 na M8 hutumia 5. Mteja akikuagiza "skrubu za M5 na alenki zake" bila kusema aina ya kichwa, mpigie simu kwanza kabla ya kulipa.

Balaa lenyewe liko kwenye inchi. Katika masoko yetu seti za alenki za inchi na za milimita hukaa kwenye meza moja, pengine kwenye pakiti zinazofanana rangi. Ya inchi 5/32 ina milimita 3.97, kwa hiyo inaingia kwenye tundu la 4 bila tatizo, na ya 5/16 inaingia kwenye la 8. Muuzaji akitaka kukushawishi atakujaribishia hizo mbili! Mwambie ajaribu ya 3/32 kwenye tundu la 2.5. Ina milimita 2.38 tu, inacheza, na fundi akikaza kwa nguvu pembe za tundu zinalika. Baada ya hapo skrubu hutolewa kwa kutobolewa, na lawama zinarudi kwa aliyeuza.

Mwenzetu mmoja anayepeleka bidhaa ng'ambo ya mpaka alinunua kwa mkupuo maboksi ya skrubu "za M3" kwa bei iliyomfurahisha. Alipofika, mafundi wakakuta kwamba sehemu ya mzigo ni za inchi, namba 4, zenye unene wa milimita 2.84. Zinaingia kwenye tundu la M3, zinazunguka mara mbili tatu, kisha ama zinalegea au zinaharibu hesi. Kurudisha mzigo hakukuwezekana, kwa kuwa nauli ingezidi faida. Vernia ndogo ya mkononi na nati moja ya M3 mfukoni zingemwokoa pale pale dukani. Hata M10 ina mtego wake: pikipiki nyingi za Asia zinatumia hesi ya 1.25, ilhali bolti ya kawaida ya dukani ni ya 1.5. Kwa macho zinafanana.

Jambo la pili ni uimara, na hili ni la usalama wa watu. Kuanzia M5 kwenda juu, skrubu ya chuma ya tundu la pembe sita iliyotengenezwa kwa viwango vya kimataifa inatakiwa kuwa na alama kichwani, kama 8.8, 10.9 au 12.9. Isiyo na alama yoyote inafaa kufungia plastiki na vifuniko. Isifungwe kwenye kalipa ya breki wala kwenye shikizo la mota. Wapo pia wanaopenda zile zisizoshika kutu zenye alama ya A2-70 kwa kuwa zinang'aa. Ni nzuri kwenye mvua na kwenye chumvi ya pwani, lakini nguvu yake ni chini ya 8.8, na mbali sana na 12.9.

Sasa tuje forodhani. Wengi huandika mzigo huu "vipuri vya pikipiki" wakidhani ndivyo sahihi, maana ndiko unakokwenda. Sivyo. Katika mfumo wa namba za bidhaa unaotumiwa na nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki, skrubu, bolti na nati za chuma ziko chini ya 7318 hata kama zimekusudiwa pikipiki, kwa sababu zinahesabiwa kuwa sehemu za matumizi ya jumla. Alenki zinaingia 8204 pamoja na spana, na bisibisi ni 8205. Ukichanganya vyote kwenye mstari mmoja, unampa ofisa sababu ya kufungua kila boksi.

Kuna na kosa la cheti. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zenye uasili wa Afrika Mashariki zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Skrubu iliyotoka China haipati uasili wa Tanzania au Kenya kwa kuwa imenunuliwa Kariakoo au Nairobi na kuna risiti. Anayepanga bei yake akitegemea msamaha huo ajue ushuru unamsubiri mbele.

Kwa wasafirishaji, tahadhari ni uzito. Skrubu elfu moja za M6 zenye urefu wa milimita 20 zina karibu kilo 6 hadi 7, nazo zinaenea kwenye boksi dogo la kubeba kwapani. Maboksi mia kadhaa yakirundikwa nyuma kabisa ya gari kwa kuwa "yanachukua nafasi ndogo", ekseli moja inaweza kuzidi hata kama jumla ya gari haijafika tani 56 zinazoruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016. Yatandazwe sakafuni, mbele na kati, na kila boksi liandikwe nje kipenyo, urefu, aina ya kichwa na alama ya uimara, ili asiyejua skrubu naye aweze kulinganisha na ankara mzigo ukiwa bado juu ya gari.