Protini C na Haki ya Mtoto ya Kupata Ithibati

Mtoto aliyeingiliwa damuni na vijidudu vya meningokoki hutokwa, pengine kwa muda wa saa chache tu, na mabaka ya zambarau yasiyofifia yakibonyezwa, nayo ni dalili kwamba damu inaganda ndani ya mishipa midogo mahali isipopasa kuganda, hata vile vya kuigandishia vikaisha, ikawa yavuja mahali ilipopasa kuzuilika. Miongoni mwa vinavyopungua ni protini C, iliyo kama lijamu ya kuizuia damu isigande kupita kiasi. Na matabibu waliona kwamba kadiri ipunguavyo, ndivyo hatari ya kufa izidivyo.

Ikazuka dhana, nayo ni dhana ya watu wenye akili: kilichopungua na kirudishwe. Mwaka 2001 majaribio ya wagonjwa watu wazima 1,690 wenye maambukizi makali yalionyesha kwamba protini C iliyoamilishwa imeshusha vifo kutoka asilimia 30.8 hadi 24.7, na Marekani ikaidhinisha dawa ile mwaka huo huo. Je, mtoto mahututi naye apewe kwa kuwa imewafaa wakubwa? Wasemao apewe wana hoja isiyodharaulika, maana mzazi aliyekaa kando ya kitanda hana wasaa wa kungojea wataalamu. Lakini mimi nasema mtoto ana haki ya ithibati yake mwenyewe. Watoto 477 walipojaribiwa, vifo vilikuwa takriban sawa, 17.2 kwa 17.5 katika kila mia, na waliovuja damu ubongoni walikuwa 11 upande wa dawa na 5 upande wa pili, hasa vichanga wasiotimiza siku 60. Mwaka 2011, baada ya majaribio mengine kutoona faida hata kwa wakubwa, dawa ikaondolewa sokoni.

Mwaka huo huo Kilifi, Muheza, Soroti na kwingineko Afrika Mashariki, watoto 3,141 wenye homa kali walitufunza jambo zito zaidi: maji ya kutiwa mshipani kwa haraka, ambayo aghalabu hayakutiliwa shaka, yaliongeza vifo badala ya kuvipunguza.

Nayasema haya sasa kwa sababu tangu 2013 yajulikana kwamba chembe za damu zenye vimelea vya malaria kali hujishikiza katika kipokezi cha protini C ukutani mwa mishipa, zikaizuia, na bila shaka atatokea wa kusema tena kwamba kilichozuiliwa kirudishwe. Naye asikizwe kwa heshima, kisha aulizwe ni watoto wangapi wamejaribiwa.