Tumbo gumu halingojewi

Wengi wetu hapa Likasi tunaijua tifoide kama ugonjwa wa vidonge: mtoto ana homa, tunapewa dawa, tunangoja. Mara nyingi anapona. Lakini kijidudu chake kinaumiza mwisho wa utumbo mwembamba, na kufika juma la pili au la tatu utumbo unaweza kutoboka, uchafu umwagike tumboni. Kule Kinshasa, kati ya Oktoba 2004 na Januari 2005, wagonjwa walipita 42,000. Karibu 700 walitoboka utumbo au kuingiwa usaha tumboni.

Maumivu yanakuja ghafula. Tumbo linakuwa gumu kama ubao, mtoto hataki kuguswa. Pengine baadaye anatulia kidogo, nasi tunafurahi bure. Hapo tusimpe chakula, wala ile dawa ya kuharisha ya bibi (sisi pia tumeitumia). Twende hospitali yenye daktari mpasuaji, siku hiyo hiyo. Atafungua tumbo, asafishe, ashone tundu au akate kipande kilichoharibika. Pengine utumbo unatolewa nje kwa muda, choo kipite kwenye mfuko. Mama asishtuke: kwa kawaida baadaye unarudishwa ndani.