Mgongo wa Mwanafunzi ni Dhamana Yetu

Elimu bila malipo ilipoanza nchini Tanzania mwaka 2016, madawati mengi yalitengenezwa. Lakini wingi si kipimo cha kufaa. Katika mazoezi ya kufundisha tumewaona watoto wa darasa la kwanza wakining'iniza miguu, na wa darasa la saba wakijipinda juu ya madawati ya kimo kilekile. Mwanachuo akemeapo, "Kaa wima!", nasi humpa alama za nidhamu. Tumekosea.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nasi twawakunja vibaya. Mwalimu awapange wanafunzi kwa kimo, awawekee tofali wasiofika sakafuni, awanyooshe viungo baina ya vipindi. Wakufunzi wenzetu, tukague mikao kama tukaguavyo maandalio ya somo.